Jenereta na Walinzi Wake: Historia Fupi ya Mtambo Unaotutumikia



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, msomaji atakuta habari za mavuno, za bei, za mikutano mikuu na za vyama vya msingi vilivyojiunga nasi. Mambo hayo yanastahili kuandikwa. Lakini twaona si haki kuupita mlango wa chumba cha mitambo bila kuingia ndani, maana humo ndimo kazi ya msimu mzima inapookoka au kupotea.

Kila mkulima wa kahawa anajua kwamba kahawa mbivu ikishachumwa haingoji. Ikilala ndani ya gunia bila kumenywa huanza kuchacha, na uchachu huo humfuata mwenyewe mpaka mnadani. Kwa hiyo umeme wa gridi unapokatika jioni ya msimu, macho yote huielekea jenereta. Na jenereta nayo ikizimika yenyewe, macho yote humwelekea fundi. Saa hiyo ndipo hatari inapozaliwa. Mara nyingi haizaliwi ndani ya mashine. Huzaliwa katika haraka ya watu walioizunguka.

Neno letu katika makala hii ni moja. Vifaa vilivyomo ndani ya sanduku la kuendeshea jenereta viliwekwa kwa sababu ya matatizo na hasara zilizowapata watu waliotutangulia. Anayeijua historia hiyo hatakiona kifaa kinachoizima mashine kuwa adui. Atakiona kuwa shahidi, naye atamhoji shahidi huyo kabla ya kumfunga mdomo.

ASILI YA UMEME WA SUMAKU

Mwaka 1831, katika Taasisi ya Kifalme mjini London, Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme hupita katika waya huo. Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akafundishwa kazi ya kujalidi vitabu. Elimu yake kubwa aliipata kwa kuvisoma vitabu alivyopewa kuvijalidi. Mwaka uliofuata, 1832, Hippolyte Pixii wa Paris alitengeneza mashine ya kuzungushwa kwa mkono iliyotumia kanuni hiyo. Jenereta zetu za leo, hata zile kubwa za mabwawani, zote ni wajukuu wa mashine hizo ndogo.

Mashine za mwanzo zilitumia sumaku za kudumu, nazo zilikuwa dhaifu. Ndipo mnamo 1866 na 1867 watu kadhaa, wakiwamo Werner von Siemens wa Ujerumani, na Charles Wheatstone na Samuel Alfred Varley wa Uingereza, walipofikia jambo moja, kila mmoja kwa njia yake. Waliona kwamba chuma kilichokwisha kuwa sumaku kwa nguvu za umeme hubaki na usumaku kidogo hata mashine ikisimama. Mashine inapoanza kuzunguka tena, usumaku huo mdogo huzaa umeme kidogo. Umeme huo hurudishwa katika koili za sumaku. Usumaku huongezeka, na umeme nao huongezeka, mpaka mashine ifikie nguvu zake kamili.

Ugunduzi huo wa zaidi ya miaka 150 iliyopita unaeleza ubovu unaowasumbua mafundi hata leo. Jenereta nyingi zikikaa muda mrefu bila kuwashwa huweza kupoteza usumaku wake wa mabaki. Injini itanguruma vizuri, mwendo utakuwa sawa, lakini mshale wa kipima volti hauinuki. Asiyejua historia hudhani koili zimeungua, akaagiza kung'oa mashine yote. Ajuaye huanza kwa kuuliza kama usumaku umebaki. Dawa yake ni kuurudisha kwa umeme wa betri, kwa namna iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji na si kwa kubahatisha, kwa maana betri ikiunganishwa mahali pasipo pake huweza kukiua kidhibiti cha volti.

MWENDO NA VOLTI

Mashine yenye nguvu isiyo na kitu cha kuizuia ni hatari kwa mwenyewe. Jambo hilo lilijulikana tangu enzi za mvuke. Mwaka 1788 James Watt alifunga katika injini yake gavana, yaani tufe mbili za chuma zinazozunguka pamoja na injini. Injini ikikimbia mno, tufe hupanuka na kuupunguza mvuke. Ikizorota, tufe hushuka na kuufungulia. Miaka 80 baadaye, mwaka 1868, mwanasayansi James Clerk Maxwell aliandika uchambuzi wa hesabu ulioonyesha kwa nini baadhi ya gavana hutuliza mwendo na nyingine huuyumbisha.

Somo hilo liliwafikia watu wa umeme kwa kishindo mwaka 1882. Thomas Edison alikuwa akijenga kituo chake cha Pearl Street mjini New York. Katika majaribio, jenereta mbili zilipounganishwa zifanye kazi pamoja, gavana za injini zake hazikupatana: injini moja ilizorota huku nyingine ikikimbia kwa kasi ya kutisha, kisha zikabadilishana, mpaka watu wakalikimbia jengo. Ilibidi gavana hizo ziunganishwe, na baadaye injini nyingine zinunuliwe. Kituo kilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1882, kikawasha taa kama 400.

Kwetu sisi mwendo una maana nyingine pia. Umeme wa nchi yetu hugeuka mara 50 kwa kila sekunde, na jenereta yenye ncha nne za sumaku lazima izunguke mara 1,500 kwa dakika ili kuutoa. Mwendo ukipungua, umeme wote unaharibika, na mota za mashine zetu za kumenya hupata joto na kuungua.

Udhibiti wa volti ulikuja baadaye kidogo. Hapo mwanzo mtu alisimama mbele ya ubao wa swichi, akizungusha gurudumu kila mzigo ulipobadilika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Allen Tirrill wa Marekani alitengeneza kidhibiti kilichofanya kazi hiyo chenyewe, kwa ncha za chuma zilizofunguka na kufunga kwa upesi mno. Baada ya transista kuvumbuliwa mwaka 1947, kazi ya ncha hizo ilichukuliwa polepole na vifaa vya kielektroniki, na leo kidhibiti cha volti ni kibao kidogo kinachoenea kiganjani.

Katika historia hiyo mna kanuni inayomfaa kila fundi. Gavana hutawala mwendo, na kidhibiti hutawala volti. Ni watumishi wawili, kila mmoja na kazi yake. Volti ikishuka pamoja na mwendo, tuitazame kwanza injini: dizeli, chujio, gavana, au mzigo uliozidi. Volti ikishuka huku mwendo ukiwa sawa, ndipo tuitazame sehemu ya umeme. Wengi huanza kwa kukizungusha kidhibiti cha volti ilhali kosa ni chujio lililoziba, na kwa hiyo huacha ubovu mahali pake na kuongeza mwingine.

UMEME WAFIKA KWETU

Katika pwani yetu umeme ulianza kwa jenereta. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alileta jenereta ya kuliangaza kasri lake, na jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga mwaka 1883 lilisifiwa kwa taa zake za umeme. Historia ya umeme nchini Kenya inasimulia kwamba jenereta ya Sultani ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya mji huo. Mwaka huohuo wa 1908 utawala wa Wajerumani uliweka umeme Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi Wajerumani wenyewe. Mwaka 1931 kazi ya umeme katika Tanganyika iliwekwa mikononi mwa kampuni mbili za watu binafsi, na baada ya uhuru serikali ikazichukua.

Injini iliyoupeleka umeme mbali na pwani ni ile ya Rudolf Diesel. Mashine yake ilifaulu katika majaribio ya mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, kwa kutumia mafuta machache kuliko injini za mvuke za siku zile. Kwa kuwa haikuhitaji tanuri wala shehena ya kuni, iliweza kwenda popote lilipokwenda pipa la mafuta. Miji mingi ya bara iliwashwa kwa injini hizo, na viwanda vya kuchambua pamba na vya mkonge vilijiendeshea mitambo yao wenyewe, kwa sababu nyaya hazikuwafikia.

Ushirika nao ulikua katika miaka hiyohiyo. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro kikaandikishwa mwaka 1933. Tangu hapo mkulima mdogo alianza kuwa na sehemu katika ghala, katika lori na katika mtambo. Neno "mali yetu" likapata maana ya nati na waya.

Yawezekana mtu akauliza: je, zama za jenereta hazikupita? Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na nyaya zimefika vijiji vingi. Twafurahi. Lakini upepo bado huangusha nguzo, na radi bado hupiga transfoma. Jenereta imeacha kuwa mfanyakazi wa kila siku, imekuwa mlinzi wa akiba. Na kwa kuwa hukaa kimya muda mrefu, hutaka uangalifu mkubwa zaidi kuliko zamani.

WALINZI NDANI YA SANDUKU

Mlinzi wa kwanza kuzaliwa ni fyuzi. Edison alipata hataza ya waya wa usalama wa namna hiyo mwaka 1880, hata kabla ya kituo chake kufunguliwa. Fyuzi ni waya dhaifu kwa makusudi: hukubali kufa ili nyaya zilizomo ukutani zisiungue na kuichoma nyumba. Atoaye fyuzi ya ampea 10 akaweka kipande cha waya mnene hakutengeneza kitu. Amemwondoa mlinzi mlangoni, akaiacha nyumba yote iwe fyuzi.

Baada ya fyuzi wakaja wengine: swichi ya presha ya oili, swichi ya joto la maji, kifaa cha kuzuia kasi iliyozidi, swichi kuu inayojikata mzigo ukizidi, na kile kitufe chekundu cha dharura. Wengi wa hao huungana katika waya mmoja wa amri unaopeleka ruhusa kwenye vali ya mafuta. Mmoja akikataa, mafuta hukatwa na injini husimama. Katika jenereta mpya kuna kompyuta ndogo inayowasikiliza wote na kuandika kwenye kioo chake jina la aliyekataa. Lakini kanuni ni ileile ya zamani.

Tuchukue mfano wa swichi ya oili. Injini ikizunguka bila presha ya oili, beringi huharibika kwa muda mfupi sana, na shafti kuu hukwaruzika isifae tena. Swichi ndogo ya bei nafuu husimama kati ya chama na hasara hiyo. Lakini ni rahisi mno kuinyamazisha: kuichomoa waya wake au kuurukisha kwa waya mwingine ni kazi ya dakika moja, na jenereta itawaka, na watu watapiga makofi. Makofi hayo hulipwa na wanachama wote katika hesabu za mwisho wa mwaka.

Hatusemi kwamba shahidi hasemi uongo kamwe. Swichi nayo huharibika, waya wake hukatika, maji huingia katika kiungo chake. Lakini shahidi mmoja hupimwa kwa shahidi wa pili. Fundi huangalia kijiti cha oili, kisha hufunga geji ya mkono penye tundu la swichi na kuipima presha yenyewe wakati injini inazungushwa. Geji ikionyesha presha nzuri, basi swichi ndiyo mbovu, nayo hubadilishwa. Geji ikionyesha presha duni, swichi imeokoa injini, na inastahili shukrani.

MWILI WA BINADAMU

Injini iliyoharibika hununuliwa nyingine. Mtu hanunuliwi. Katika miaka ya 1940 na 1950 Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alipima, kwa watu waliojitolea, ni umeme wa kiasi gani unaomfanya mtu aliyeshika waya ashindwe kuuachia, kwa sababu misuli ya mkono imejifunga. Kwa wanaume aliona wastani wa miliampea 16. Kwa wanawake ulikuwa mdogo zaidi. Taa ya zamani ya wati 60 katika umeme wa volti 230 hupitisha miliampea 260 hivi, yaani mara kumi na sita ya kiasi hicho. Umeme usiotosha kuwasha hata taa unatosha kumnasa mtu, na ukizidi kidogo na kupita kifuani huuvuruga moyo.

Kwa sababu hiyo Dalziel alibuni mwaka 1961 kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwenda ardhini, na leo vifaa vya jinsi hiyo, vingi vikiwekwa kukata kwenye miliampea 30, hufungwa katika majumba na viwanda.

Hatari nyingine haimgusi aliye chumbani, bali mtu aliye mbali. Jenereta ikiwashwa bila kulitenga jengo na nyaya za gridi, umeme wake hutoka nje, huingia katika transfoma ya kijiji kwa mlango wa nyuma, na kupandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000. Fundi wa shirika la umeme aliye juu ya nguzo, akidhani waya umekufa, hukutana na umeme huo. Hii ndiyo sababu ya ile swichi ya kubadilishia isiyoweza kuunganisha gridi na jenereta kwa wakati mmoja. Haiondolewi wala haikwepwi hata kwa usiku mmoja.

KUFULI NA KARATASI

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini karibu na Scotland, jukwaa la kuchimbia mafuta na gesi liitwalo Piper Alpha lililipuka. Watu 167 walikufa. Asubuhi ya siku hiyo mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja ili waitengeneze, wakaacha kifuniko tu mahali pake. Usiku pampu ya pili ikazimika ikakataa kuwaka. Pampu hizo zikisimama zote, gesi iliyoziendesha jenereta za jukwaa ilikuwa hatarini kukatika, na jukwaa lote kubaki bila umeme. Wafanyakazi wa zamu ya usiku hawakuwa na habari ya vali iliyoondolewa. Karatasi yake haikuwafikia. Wakaiwasha pampu ile ya kwanza. Gesi ikavuja penye kifuniko, na jukwaa likawaka.

Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen, uliotangazwa mwaka 1990, ulionyesha wazi kasoro katika utaratibu wa vibali vya kazi. Wale watu hawakuwa wajinga wala wazembe. Walikuwa na haraka ya kuuokoa umeme, na hawakuwa na karatasi moja.

Huko Marekani, mwaka 1989, serikali ilitoa kanuni inayoagiza kwamba mashine inayotengenezwa ifungwe kwa kufuli kwenye chanzo cha nguvu zake na kutundikwa kibao chenye jina la aliyefunga. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwenye mahali pa kazi kuwalinda watu wake. Katika chama cha ushirika mwenye mahali pa kazi ni sisi sote.

UTARATIBU WA KUTAFUTA UBOVU

Kutokana na historia hiyo yote, mafundi wamejiwekea utaratibu. Twauandika hapa ili kila mwanachama aujue, na asimharakishe fundi anayeufuata.

Kwanza, kuandika. Kabla ya kugusa kitufe chochote, fundi huandika taa ipi ya onyo imewaka, kioo kinasema nini, mishale ilisomaje, mzigo gani ulikuwa ukiendeshwa, na nini kilitokea kabla ya kuzimika. Akifuta onyo kabla ya kuliandika, amemfukuza shahidi mahakamani.

Pili, kuzima na kufunga. Swichi ya kuendeshea huwekwa mahali pa kuzima, kitufe cha dharura hubonyezwa, swichi kuu hufunguliwa na kutiwa kufuli, na kibao chenye jina hutundikwa. Ufunguo hukaa mfukoni mwa fundi mwenyewe. Chaja ya betri hukatiwa umeme wake, maana mara nyingi hulishwa na gridi, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza. Haya si ya kupuuzwa: jenereta nyingi za leo hujiwasha zenyewe umeme wa gridi unapokatika, na feni haimuulizi mtu kama mkono wake umo ndani.

Tatu, kuhakikisha kwamba umeme haupo. Kipima umeme hujaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, kisha hupimwa pale pa kazi, kisha hujaribiwa tena pale pa kwanza. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu kipima umeme kilichokufa nacho husoma sifuri.

Nne, kutazama kwa macho na kunusa. Skrubu zilizolegea, nyaya zilizotafunwa na panya, maji, kutu, harufu ya kuungua: mengi huonekana bila kipimo chochote. Betri nayo haina budi kuangaliwa mapema, kwa kuwa injini nyingi zinazokataa kuwaka hazina ubovu mwingine. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma vizuri lakini ikaanguka sana stata inapozungushwa, imechoka, au vichwa vyake vina kutu. Moto na sigara vikae mbali, kwa maana betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Tano, kufuata mchoro wa nyaya, kutoka betri hadi fyuzi, kutoka fyuzi hadi swichi, kutoka swichi hadi rilei na vali ya mafuta, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Fyuzi iliyokufa hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Nayo ikifa, haiwekwi ya tatu mpaka shoti ipatikane.

Sita, vipimo vinavyolazimu mashine iwe inafanya kazi hufanywa na fundi mwenye sifa, mwenye zana za kuhami umeme, asiyekuwa peke yake, katika chumba ambacho moshi wa injini unatoka nje. Transfoma ndogo za kupimia ampea hazifunguliwi nyaya zake wakati mzigo unapita, kwa sababu hutoa volti za kuua.

Saba, walinzi wote hurudishwa mahali pao na kujaribiwa, kisha mambo yote huandikwa katika kitabu cha mashine: ubovu ulikuwa nini, umetengenezwaje, na nani. Zamu inayofuata husoma na kutia sahihi. Wale wa Piper Alpha walikosa hilo.

WAJIBU WETU

Katika hayo yote, yapo asiyoweza kuyafanya fundi peke yake. Kufuli, vibao, kipima umeme kizuri, geji ya oili, kitabu cha mtengenezaji na mchoro wa nyaya vinapaswa kuwamo katika makadirio ya fedha ya kila mwaka. Jenereta inapaswa kuwashwa kwa zamu hata wakati wa gridi nzuri, ikiwa na mzigo, ili ubovu uonekane mchana wa utulivu na si usiku wa msimu. Vyama vya msingi vinapaswa kuwa na mashine za kumenya za mkono zilizo tayari, na mapatano na jirani wa kumpelekea kahawa siku ya shida. Chama chenye njia ya pili hakimlazimishi fundi wake kuchagua kati ya kahawa na maisha yake.

Zaidi ya yote, mwenyekiti, katibu na meneja wanapaswa kutamka mbele ya wanachama kwamba fundi akisema "bado", neno lake linasimama. Asiwepo kiongozi wa kumwambia arukishe waya ili mambo yaende. Na kama yupo wa kusema hivyo, basi aandike amri yake katika kitabu cha mashine na kutia sahihi. Twadhani kalamu yake itakuwa nzito.

Watu husema ajali haina kinga. Historia tuliyoisimulia inaonyesha kwamba kinga zipo, na baadhi yake zilinunuliwa kwa damu. Zimo ndani ya sanduku la chuma, katika kila chumba cha mitambo chenye jenereta. Kazi tuliyoachiwa ni kutoziondoa. Chama chetu kinapoianza miaka kumi ya pili, na kila chumba cha mitambo kiwe na kufuli lake, kitabu chake, na fundi anayerudi nyumbani kila usiku.